Nikiinuka kunyoosha shingo, kidoti kinakuwa cha njano na bosi anauliza niko wapi

Ndugu Mshauri,

Nahudumia wateja kwa maandishi, nikiwa nyumbani, saa nane kwa siku. Kwenye zamu yetu tuko sita na karibu kila kitu tunakifanyia ndani ya Microsoft Teams, programu ya kuandikiana na kufanyia vikao kazini. Mafundi, ambao nao huniuliza maswali siku nzima, wako Slack, programu nyingine ya aina hiyo. Kwa miezi mitatu sasa shingo inakaza kabla ya saa sita mchana. Kifundo cha mkono wa kulia kinauma nikishika kipanya, na mara kadhaa nimeamka usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi. Mtaalamu wa viungo ameniambia niwe nainuka kila nusu saa, na kila saa nipumzike zaidi kidogo.

Kuinuka naweza. Kinachonishinda ni kile kidoti cha kijani kando ya jina langu, kinachowaonyesha wenzangu kwamba nipo. Nikirudi nakikuta cha njano, na msimamizi wangu, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, ameshaniandikia mara nne: "Uko wapi?" Mara zote nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti. Siku hizi nanyoosha shingo huku mkono mmoja unachezesha kipanya, jambo ambalo hata mwenyewe naliona kichekesho.

Mwenzangu mmoja kanishauri ninunue kale kadude kanakosogeza kipanya chenyewe. Mwingine anasema niweke kitu kizito juu ya kitufe cha kibodi. Je, nifanye hivyo? Kuna njia halali ya kubaki kijani? Mapumziko yawe ya muda gani ili yanisaidie mwili bila kuwakawiza watu? Na msimamizi nimwambieje asidhani natafuta kisingizio?

Shingo Ngumu

JIBU

Ndugu Shingo Ngumu,

Pole na maumivu. Sehemu kubwa ya mapumziko unayoyahitaji ni mafupi kuliko muda ambao kidoti kinahitaji ili kibadilike. Ukishajua kinavyohesabu, utaona kwamba mara nyingi kwa siku ulikuwa unahangaika bure, na zile chache zilizobaki zina dawa yake.

Kwenye kompyuta, Teams hukuhesabu kuwa haupo baada ya dakika 5 bila kugusa kipanya wala kibodi. Hukuhesabu hivyo papo hapo ukifunga skrini au kompyuta ikilala. Slack ya kwenye kompyuta husubiri dakika 10. Hakuna mahali ambapo wewe, mtumiaji wa kawaida, unaweza kurefusha muda huo. Kwenye simu ni kali zaidi, maana unaonekana upo pale tu programu ikiwa wazi mbele ya macho yako. Ukiizima skrini au ukafungua kitu kingine, basi. Kwa hiyo kutembea na simu mfukoni hakukuweki kijani hata kidogo, ingawa kuna faida nyingine nitakayoieleza mbele.

Kuna mtego mmoja ambao nadhani ndio uliokunasa zile mara nne. Saa haianzi kuhesabu pale unapoinuka, inaanzia pale ulipogusa kitu mara ya mwisho. Tuseme umesoma malalamiko marefu ya mteja kwa dakika tatu bila kusogeza chochote, kisha ukasimama. Dakika mbili baadaye Teams inakutangaza haupo, wakati wewe unajua umepumzika dakika mbili tu. Dawa ni kufunga kazi kwa kitendo: tuma jibu, hifadhi rasimu, andika kwenye tiketi (kumbukumbu ya ombi la mteja) "nalifanyia kazi", halafu ndiyo uinuke. Huo si ujanja, ni mpangilio mzuri tu wa kazi, na unakupa dakika zako zote 5.

Mtego wa pili ni kufunga skrini. Kama uko peke yako na sheria za kampuni zinaruhusu, dakika mbili za kusimama mita tatu kutoka kwenye meza hazihitaji kufunga. Kama kuna watu wengine chumbani, au sheria inasema funga kila uinukapo, funga na ukubali njano. Taarifa za wateja haziachwi wazi kwa ajili ya rangi ya kidoti.

Angalia pia mpangilio wa umeme wa kompyuta yako. Kompyuta ikiwa imewekwa ilale baada ya dakika 5, ukirudi utaisubiri iamke na kuunganika upya na mtandao, na ujumbe uliokuja utachelewa kuonekana. Skrini izime mapema ukitaka, lakini usingizi wa kompyuta uwe dakika 15 au 20 ikiwa kwenye chaja. Kama mpangilio huo umefungwa na watu wa TEHAMA, waombe. Ni ombi dogo.

Sasa kale kadude. Hapana, na wala kitu kizito juu ya kibodi. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kuigiza kwamba kibodi inatumika. Kifaa cha kuchomeka hujitambulisha kwenye kompyuta, na programu ya kusogeza kipanya huonekana kwenye orodha ya programu zilizowekwa. Hata kile cha kuweka chini ya kipanya, kisichochomekwa popote, huacha alama ya ajabu: kipanya kinatembea nusu saa nzima bila herufi hata moja kuandikwa. Kitufe kilichobanwa nacho hujaza herufi popote palipo wazi, na siku moja patakuwa kwenye dirisha la mteja.

Hata bila kukamatwa, kijani cha uongo kinakuumiza wewe mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza, programu hizi zina mpangilio wa kunyamazisha arifa za simu wakati zinapoamini uko kwenye kompyuta. Kadude kakiendelea kutikisa kipanya, simu yako inakaa kimya kwa sababu mfumo unadhani ujumbe umeuona mezani. Ya pili inawahusu wenzako. Mtu akiona njano anajua asubiri kidogo, lakini akiona kijani na kimya cha dakika sita anajua amepuuzwa. Msimamizi wako, nikimsoma kwa swali lake, hana shida na rangi. Hajui jibu litakuja lini, ndiyo maana anauliza. Hicho ndicho cha kumpa.

Tuje kwenye mapumziko yenyewe. Kila dakika 20, angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, pepesa macho hadi kope zikutane kabisa (mbele ya skrini watu hupepesa mara chache, na mara nyingi nusunusu), na uangushe mikono mapajani. Kila nusu saa, simama dakika moja au mbili. Kila saa, dakika 5. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza hushauri dakika 5 hadi 10 kila saa, na inasema wazi kwamba hilo ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili. Sababu yake inaeleweka: misuli iliyokaa imebana hupata damu kidogo, na mapumziko hayana budi kuja kabla haijachoka kabisa ili yafae. Ukisubiri hadi shingo iume, umeshachelewa kwa siku hiyo.

Piga hesabu uone. Sekunde 20 hazigusi kidoti. Dakika mbili hazigusi kidoti. Dakika 5 za kila saa huenda zikakipaka njano kwenye Teams, na Slack hata haitajua kwamba uliondoka. Ukizifanya dakika 4 na ukafunga kazi kwa kitendo kama nilivyosema, unabaki kijani kihalali sehemu zote mbili. Mimi nisingekazana sana na hizo 4. Shingo inayouma miezi mitatu ina haki ya dakika ya tano.

Katika dakika mbili za nusu saa, fanya hivi. Simama, nenda hadi mlangoni urudi. Ukiwa wima, vuta kidevu nyuma kana kwamba unataka kutengeneza kidevu cha pili, bila kuinamisha kichwa. Shikilia sekunde 5, rudia mara 5. Vuta mabega nyuma kama unayakutanisha mgongoni, nayo sekunde 5 mara 5. Kisha nyoosha mkono wa kulia mbele, kiganja kikielekea chini, na kwa mkono wa kushoto vuta vidole vije upande wako kwa upole sekunde 15, halafu vikunje kwenda chini sekunde 15. Badili mkono. Unatakiwa uhisi mvuto, si maumivu. Ganzi ikiongezeka, acha zoezi hilo la mikono kabisa. Usizungushe kichwa duara zima kwa nguvu kama watu wengi wafanyavyo. Shingo iliyokaza haipendi kukandamizwa kwa nyuma.

Na simu isiingie mkononi. Mapumziko ya kuinamia simu na kuitelezesha kwa kidole gumba ni kazi ileile, shingo ileile, kidole kilekile.

Kuhusu ile ganzi ya usiku, naomba usiiweke kundi moja na shingo. Gumba, cha shahada na cha kati kufa ganzi, hasa usiku, ni dalili ya neva inayobanwa pale inapopita kwenye kifundo cha mkono. Kama ingekuwa kidole kidogo na jirani yake, tungeshuku neva nyingine, ile inayopita kiwikoni. Kuinuka peke yake hakutoshi hapo. Rudi kwa mtaalamu wako, mtajie ganzi hiyo na vidole vyenyewe, na umuulize kuhusu bandeji ngumu ya kulalia inayonyoosha kifundo. Ukianza kuangusha vitu au ukaona nyama ya chini ya gumba inapungua, muone daktari bila kungoja miadi yako ya kawaida. Wakati huohuo sogeza kipanya kiwe bega kwa bega na kibodi, kiwiko kikae karibu na mwili, na kifundo kisilale kwenye ukingo wa meza. Kibodi isiyo na safu ya namba kulia husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inakiacha kipanya kisogee ndani. Kama unatumia laptopu, iinue hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, uichomekee kibodi ya pembeni, na ukae umbali wa urefu wa mkono.

Kukumbuka ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo usitegemee kichwa. Stretchly ni programu ya bure ya kukumbusha mapumziko. Ikifunguliwa mara ya kwanza inakupa sekunde 20 kila dakika 10 na dakika 5 kila nusu saa. Kwa mtu wa kuhudumia wateja hayo ni mengi mno, utaizima siku ya pili. Weka yale mafupi kila dakika 20, na yale marefu yaje baada ya mafupi mawili, yaani mara moja kwa saa. Workrave, nayo ya bure, huanza na sekunde 30 kila dakika 3, kwa hiyo nayo ilegeze kabla hujaichukia. Usiwashe hali ya kulazimisha, ile isiyokuruhusu kuruka, kwa sababu itakufunika skrini katikati ya mteja mwenye hasira. Ruhusu kuahirisha, ila mara moja tu. Wanaoahirisha mara tatu huishia kutoliona tena lile dirisha likija. Kama kompyuta ni ya kampuni, omba ruhusa kabla ya kuweka programu yoyote. Ukikataliwa, kengele ya simu iliyowekwa kila dakika 30 inatosha, simu ikiwa kwenye rafu ya mbali ili ulazimike kuinuka kuizima.

Sasa kuonekana. Tumia ujumbe wa hali, ule unaoonekana chini ya jina lako. Kwenye Teams bonyeza picha yako, andika ujumbe (nafasi ni herufi 280), na uweke alama kwenye chaguo la kuuonyesha kila mtu anapotaka kukuandikia. Chaguo hilo ndilo lenye faida, kwa kuwa mtu anausoma kabla hajauliza uko wapi. Andika kwa mfano: "Kila saa, dakika ya 50 hadi 55, nainuka kwa ushauri wa mtaalamu wa viungo. Nikiwa njano nitajibu ndani ya dakika 5. Haraka? Nipigie." Kama hupendi kutaja mambo ya afya, ondoa maneno hayo, ujumbe hauharibiki. Slack inakupa herufi 100 tu, kwa hiyo kata: "Nainuka dakika 50–55 kila saa. Jibu ndani ya dakika 5. Haraka? Piga."

Uweke asubuhi ubaki hadi mwisho wa zamu. Wanaojaribu kuubadilisha kila wanapoinuka huacha ndani ya siku tatu, na kila mabadiliko ni mibofyo mingine kwa kifundo kinachouma.

Usiweke hali ya "usinisumbue" kwa ajili ya mapumziko, kwa sababu inazima arifa, na utarudi ukute maswali matano yaliyokaa kimya. Usijiweke "hayupo" kwa mkono pia. Hali uliyoiweka kwa mkono hubaki hivyo hadi uiondoe au muda uliouchagua uishe, na kusahau ni rahisi. Wala usijaze kalenda vipindi vinane vya mapumziko vinavyoonyesha una shughuli, maana Teams husoma kalenda na utageuka mwekundu kila saa. Ukitaka viwepo kama kumbukumbu, viweke vionyeshe uko huru.

Kalenda ina msaada mmoja wa kweli. Outlook, programu ya barua pepe na kalenda ya Microsoft, ina mpangilio wa kufupisha vikao, dakika 5 kwa vile vya chini ya saa moja na 10 kwa virefu zaidi. Google Calendar nayo hugeuza nusu saa kuwa dakika 25 na saa kuwa 50. Inafanya kazi kwa vikao unavyoitisha wewe tu, hivyo mwombe msimamizi naye awashe. Na kikao ambacho kazi yako ni kusikiliza, kisikilize umesimama. Ukiwa ndani ya kikao kidoti kinasema hivyo, nawe umepata nusu saa ya miguu bila mtu kuuliza lolote.

Nimekuahidi kuhusu simu. Kwenye Slack, ndani ya mpangilio wa arifa, kuna swali la lini arifa zije kwenye simu. Chagua zije mara moja hata ukiwa kwenye kompyuta. Kwenye Teams ya simu, zima chaguo linalozuia arifa unapotumia kompyuta. Usipofanya hivyo, ujumbe utakaoingia dakika ya kwanza ya mapumziko huenda usilie popote unapousikia. Kisha kubalianeni kwenye timu nini ni haraka. Teams ina alama ya ujumbe wa dharura inayorudia kumwita mpokeaji kila dakika 2 kwa dakika 20 hadi ausome. Alama hiyo au simu ya kupigwa iwe ndiyo haraka. Mlio mwingine wowote unasubiri dakika zako ziishe.

Mko sita, kwa hiyo gawaneni. Wewe dakika ya 50, mwenzako dakika ya 20, wengine katikati. Mteja hatakosa mtu, na hilo ndilo neno litakalomtuliza msimamizi kuliko maelezo yote ya mishipa. Mwandikie mapema, siku ambayo hajauliza:

"Habari za kazi, bosi. Mtaalamu wa viungo amenitaka niinuke dakika moja au mbili kila nusu saa, na dakika 5 kila saa. Nimepanga zile 5 ziwe dakika ya 50 hadi 55, na fulani atashika foleni wakati huo. Wakati mwingine utaniona njano. Nitajibu ndani ya dakika 5, na dharura nipigie, simu iko karibu. Naomba tujaribu wiki mbili, kisha tuangalie pamoja muda wa jibu la kwanza kwenye mfumo."

Zingatia kwamba haumwombi msamaha, unampa ratiba na kipimo. Kabla hamjaanza, nakili muda wako wa sasa wa jibu la kwanza, la sivyo wiki mbili baadaye mtabishana kwa hisia. Akikataa, muulize anahitaji jibu ndani ya dakika ngapi, ujipange kwa namba hiyo. Akisema sekunde 30, basi tatizo ni idadi ya watu kwenye zamu, na hilo mlizungumze na rasilimali watu mkiwa na barua ya mtaalamu mkononi. Mapumziko ya skrini si hisani kila mahali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini, na kanuni za Uingereza za 1992, zinamtaka mwajiri apange kazi ili ikatizwe kwa mapumziko au kubadilisha shughuli. Uliza kanuni za kwenu zinasemaje.

Siku za mwanzo atauliza tena, kwa mazoea. Mjibu kwa mstari mmoja: "Nipo. Zilikuwa dakika zangu 5, nimeuona ujumbe, naanza na ile tiketi ya kwanza." Usiongeze maelezo ya shingo.